Babu wa Dunia ya Pili

Juzi mwanangu alinionyesha kitabu cha katuni: shujaa kafa, na mwenzake wa dunia nyingine kaja na vazi lilelile. Nami utotoni niliwahi kuiamini hadithi ya namna hiyo, wiki aliyozikwa babu kule milimani Uluguru.

Bibi alikuwa hajaonja kitu tangu mazishi. Mchana huo uwanja ulinukia moshi na wali, mara akaingia mtu amevaa koti la babu, anakohoa kama babu, anawagombeza wapishi. Nikajua ni babu wa dunia ya pili. Nikamkimbilia, moyo mwepesi.

“Shikamoo, babu!”

“Marahaba. Kuku wangu mmewala?”

Sikujua kwamba ni mtani wetu, anatimiza kazi yake ya msibani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Bibi aliangua kicheko, akajifuta machozi kwa kanga.

“Haya,” akasema, “nipeni wali.”