Masharubu Aliyekataa Kufa

"Filamu ya kunishinda mimi bado haijatengenezwa," Tarumbeta alisema kwenye maiki, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaliana magoti. "Siku ikipatikana, maiki nampa mke wangu, na mimi nakwenda pale mlangoni nauza soda zake. Nimesema mbele yenu."

Watu wakaangua kicheko, maana mkewe alikuwa palepale mlangoni, nje ya pazia jeusi, amekalia kreti na ndoo ya barafu iko miguuni. Fundi viatu, ambaye benchi la mbele ni lake kama alilirithi, akainuka akamtaka arudie, asije mtu kesho akasema hakusikia. Mwanamume mwenye akili zake angekohoa kidogo akaendelea na kazi. Tarumbeta akarudia.

Ukumbi wenyewe ni wa shangazi yake, dada wa baba. Zamani ulikuwa ghala la saruji, na mpaka leo ukiegemea ukuta unarudi nyumbani na mgongo mweupe. Filamu zinakuja zinaongea lugha za watu. Tarumbeta anaizima sauti yao, anapanda kwenye stuli kando ya picha, anawasemea wote: mabosi, wapenzi, polisi, hata farasi. Lugha yenyewe anaijua nusu, nusu iliyobaki anaitoa kichwani, na mara nyingi hiyo ya kichwani ndiyo tamu zaidi. Majina ya kigeni hayahangaikii. Mwenye kipara ni Kipara, mwenye kovu ni Kovu, na biashara inaendelea.

Sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, stelingi ajulikane mapema, ili watu wajue wa kumshangilia. Ya pili, mtu akishauawa kwenye maiki amekufa, hakuna kumrudisha. Kwa sheria hizo Tarumbeta alikula, akavaa, akaoa, na kila alipopita mtaani watu walimwiga sauti.

Tatizo ni kwamba shangazi alikuwa ameanza kusikia habari za filamu zinazouzwa zikiwa zimekwisha kusemewa, sauti ya mtu mwingine imo ndani tayari. Hizo haziombi mapumziko wala hazipandi stuli zikiwa na mafua. Wiki ile alinunua filamu ya vita vya zamani, yenye picha ya mizinga na moshi juu ya kasha, akamwekea mpwa wake mezani.

"Mwanangu, watu wakiifurahia hii, maiki ni yako na sitakusumbua tena," alimwambia. "Wakitoka wananung'unika, naleta zile zilizokwisha kusemewa. Mimi sina ugomvi na wewe, nina ugomvi na mabenchi matupu."

Tarumbeta akajifungia ukumbini peke yake kuitazama, kama afanyavyo kabla ya kila onyesho. Ilianza na mzee kitandani. Kabla mzee hajamaliza kukohoa, tukawa handakini na wanajeshi. Kabla risasi ya pili, kuna mtoto anakimbia kwenye majani. Halafu handaki tena, lakini si lile. Aliyeitengeneza aliikatakata kama mtu anayekata vitunguu huku analia. Tarehe zilijitokeza chini ya picha, zikakaa kwa muda wa kupiga chafya, zikaondoka. Wanaume wote walivaa sare moja, wote wamepakwa tope lilelile, na walipokuwa na jambo la maana la kusema walilinong'ona gizani. Akarudia kuitazama tangu mwanzo. Mara ya kwanza alikuwa amelaumu usingizi, sasa akalaumu moshi. Stelingi hakumwona.

Hapo ndipo alipotakiwa kwenda kwa shangazi akaseme ukweli. Badala yake shangazi alipouliza imekaaje, alijibu imekaa vizuri mno, watu watalia. Kuhusu kulia hakukosea.

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Tarumbeta akapanda stuli, akaangaza macho kwa wale wenye tope akitafuta pa kushika, akamwona mmoja mwenye masharubu mazito na kovu juu ya jicho. Akashukuru. "Huyu ndiye stelingi wetu," akatangaza. "Anaitwa Masharubu. Mtazameni vizuri, maana leo ataonyesha watu kazi." Ukumbi ukampigia makofi Masharubu, na kwa muda mambo yakaenda, mpaka bomu lilipoanguka, moshi ukatanda, na masharubu yakaonekana yamelala kwenye dimbwi. Tarumbeta, kwa mazoea ya miaka, akashusha sauti akamzika kwa maneno ya uchungu. Dada mmoja wa nyuma alitoa leso.

Picha iliyofuata, Masharubu yuko mezani anakunywa supu.

"Si amekufa?" fundi viatu aliuliza.

"Huyu ni pacha wake," Tarumbeta akasema bila kupepesa. "Amekuja kulipiza kisasi."

Ukumbi ukamezea. Lakini pacha naye hakumaliza supu. Filamu ikaruka, pacha amenyolewa, anambusu mwanamke kituo cha treni. Tarumbeta akamfanya binamu. Filamu ikarudi handakini, na binamu ana masharubu. Kufikia hapo alikuwa ameuingiza ukoo mzima vitani, na bado kila alipofungua mdomo ilibidi azae ndugu mwingine. Jasho lilimtoka mpaka maiki ikamteleza. Huko nyuma watu walianza kuulizana, kisha kuzozana, wengine wakisema adui ni wale wenye kofia ndefu, wengine wakisema wenye kofia ndefu ndio wetu, mbona tuliwashangilia. Bwana mmoja akasema yeye ametoka nyumbani akiwa na akili timamu na angependa kurudi nazo.

Kisha mzee wa kitandani akarejea, na kamera ikamsogelea polepole.

"Tarumbeta, kaka," fundi viatu akasema kwa upole wa kutisha. "Huyu mzee ni nani?"

"Babu yao wale mapacha."

"Mbona ana kovu lilelile la Masharubu, juu ya jicho?"

Tarumbeta akatazama. Kovu lilikuwepo. Mzee ndiye Masharubu. Hakufa dimbwini, hakuwa na pacha, hakuwa na binamu, muda wote alikuwa mtu mmoja amelala anakumbuka mambo yake bila mpangilio. Tarumbeta akameza mate, na maiki ikayanasa, ukumbi mzima ukasikia yanavyoshuka.

"Sasa mnataka niwaambie nini?" akasema hatimaye, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, si ya mtu yeyote wa kwenye picha. "Mimi ndiye niliyeitengeneza? Wote nguo moja, wote tope moja, kuongea wananong'ona. Hii nimeitazama mara mbili. Sijui nani anampiga nani, na nina hakika na wao hawajui."

Shangazi alikuwa amesimama karibu na pazia, mikono kifuani.

"Basi mwite shemeji," fundi viatu akasema.

Mkewe aliingia akifuta mikono kwenye khanga, akapokea maiki bila kumtazama mumewe usoni, na hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake kwake. Akapanda stuli. Akaiangalia picha kwa muda.

"Jamani, na mimi sijui kitu," akasema. "Huyu mwenye kofia, kuna anayemjua?"

Watu kumi wakajibu kwa pamoja. Mmoja akasema ni meja, mwingine akasema ni mpishi, na mkewe akasema haya, wanaosema mpishi nyoosheni mikono. Mikono ikanyooshwa. Akawa mpishi. Mpishi alipoanza kutoa amri za mashambulizi, ukumbi ulicheka mpaka vumbi la saruji likadondoka.

Yote hayo Tarumbeta aliyasikia kutoka kwenye kreti, nje ya pazia, maji ya barafu yakimlowesha suruali. Alikuwa amewapa watu ukoo mzima wenye kisasi na machozi, wakamtupa. Huyu aliwapa "sijui", na wakamshangilia. Alitamani aingie awaambie kwamba yule si mpishi. Lakini hakuwa na hakika.

Ilipokwisha, hakuna aliyeielewa, na hakuna aliyenung'unika. Walitoka wakibishana kwa sauti, wakamkanyaga Tarumbeta miguu. Shangazi alitoka na mke wa Tarumbeta, akimuuliza kama kesho ataweza kufika mapema. Alipompita mpwa wake alimgusa bega.

Fundi viatu ndiye aliyetoka mwisho. Miaka yote amenunua soda mlangoni pale, na bei anaijua. Akasimama mbele ya ndoo, akauliza soda ni bei gani.

"Soda ni mia tano," Tarumbeta akasema.