Banio la Kapteni Orvani

Asubuhi moja kabla hatujaenda vitani mimi na Anaeli, mtoto wa baba yangu mdogo, tulikuwa tunasafisha mfereji wetu juu ya Makumira. Alinirushia tope mgongoni.

"Msomi, jembe halishikwi kama kalamu!"

Mama yake alituletea ndizi na maziwa ya mgando, tukala tumekaa ukingoni. Miezi michache baadaye tulikuwa askari wa Mwingereza huko Habeshi, Ethiopia ya leo, tukipigana na Waitaliano. Kwa sababu ya masomo yangu ya sekondari nilipewa usajenti mapema. Nilikipenda mno cheo kile.

Siku moja tulifika kwenye mto ambao Waitaliano walikuwa wamevunja daraja lake. Tukaamriwa kuvuka kwa miguu.

Maji yalifika kifuani.

Bunduki za rashasha zikaanza ng'ambo. Risasi ikanipata pajani. Nikazama.

Anaeli akanikamata ukosi.

"Piga miguu! Sitaki mimi kwenda kumweleza mama yako!"

Alinivuta mpaka ng'ambo. Jioni Waitaliano walijisalimisha. Aliyetangulia na kitambaa cheupe alikuwa mhandisi mrefu mwenye miwani iliyopasuka, Kapteni Orvani. Daraja lile alilivunja yeye. Sijawahi tena kujiona mkubwa kama jioni ile.

Mguu wangu haukufaa tena kwa vita. Mimi na Anaeli tulirudishwa kulinda kambi ya wafungwa karibu na Usa River, jirani na kwetu, na Orvani akaletwa humo humo. Kwao, kabla ya vita, alianza kazi kwa kufagia kwenye tanuri la kiwanda cha chuma, akapanda hadi kuwa msimamizi. Kiswahili alikiokota kambini.

Banio letu, ukuta unaoinua maji ya mto yaingie mferejini, lilikuwa la mawe na magogo ya migomba. Kila masika lilisombwa, na mashamba ya chini yakakauka. Mkuu wa kambi alikubali wafungwa wajenge la saruji. Orvani alilijenga kama lake. Siku aliyochelewa, wazee wa mfereji walimtoza mbuzi, kama mtu mwingine yeyote.

"Mbuzi hapana," alisema. "Mimi mwenyewe niko zizini."

Wazee walicheka hadi machozi, wakamwambia mbuzi atangoja.

Ukuta ulipokwisha alinivuta kando. "Sajenti, siku saba. Juu unaonekana mkavu. Ndani bado."

Siku ya nne watu walikuja kuniomba maji. Mahindi yalikuwa yananyauka. Nikajiuliza, tangu lini aliyeshindwa akampangia aliyemshinda? Nikang'oa mwenyewe mbao zilizochepusha mto usifike kwenye ukuta.

Anaeli alikuwa chini ya ukuta, akiokota sepetu.

Ukuta ukapasuka.

Tulimkuta kwenye migomba, mbali sana.

Mkuu wa kambi alimwuliza Orvani, naye akasema alinionya tungoje siku saba. Mkuu akanigeukia.

"Alikuambia?"

"Hapana, bwana. Ameujenga vibaya makusudi."

Orvani akafungiwa, ashtakiwe kwa kumwua askari. Sote tulijua mwisho wake ni kitanzi.

Baada ya mazishi mama yake Anaeli aliniita jikoni kwake.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Yule Mtaliano alikosea wapi?"

Nilitazama mafiga. "Hakukosea, mama. Aliniambia tungoje. Mimi sikungoja."

Aliepua sufuria iliyokuwa ikimwagikia moto.

"Basi kaseme hivyo kwa mwenye funguo."

Nilikwenda kwa mkuu wa kambi. Nilivuliwa cheo, na ilikuwa haki. Kesho yake Orvani alikuwa tena mtoni. Alininyooshea koleo.

"Sajenti."

"Mimi si sajenti tena."

"Vizuri. Changanya saruji."

Tulijenga upya, tukangoja siku saba zote. Siku ya nane maji yaliingia mferejini, yakashuka hadi shamba la mwisho, na wanawake wakakimbia nayo wakipiga vigelegele. Wazee walimchinja mbuzi wao wenyewe, wakasema ni yule wa Orvani, sasa amelipa. Alibebwa mabegani, mfungwa na miwani yake iliyopasuka, huku walinzi wakipiga makofi.

Vita vilipokwisha alirudi kwao. Akawa mkuu wa kiwanda kile cha chuma, kisha wa viwanda vingine vingi. Nasikia mawaziri walisubiri kwenye benchi nje ya ofisi yake. Kabla ya Uhuru mchungaji wetu aliniletea barua ya Orvani. Aliandika kwamba kila meneja mpya humpeleka kwanza kwenye tanuri, amwulize mfanyakazi, bado muda gani? Asiyeweza kungoja jibu, hana kazi kwake. Jina langu hakulitaja popote.

Banio limesimama hadi leo. Limetupa kahawa, na kahawa imesomesha watoto, wakiwemo aliowaacha Anaeli. Zamu ya kwanza ya maji ni ya nyumba yake, na mimi ndiye ninayewafungulia. Vita vya Habeshi vilinirudishia Anaeli akiwa mzima. Nilimpoteza mimi, nyumbani, mchana kweupe, siku ya nne.