Akili ya Saa Mbili, Akili ya Saa Nane

Nilikuwa mwalimu wa sayansi, kwa hiyo ubongo niliujua wote, kwa mchoro. Katikati ya miaka ya tisini niliuchora ubaoni katika shule moja ya Galbet, kwa chaki za rangi tatu, nikawaambia watoto kwamba aliyejaliwa akili anayo, na asiyejaliwa asimlaumu mwalimu.

Msichana mmoja wa darasa la saba aliniharibia mchoro huo. Saa mbili asubuhi alipata jibu la hesabu kabla sijamaliza kuisoma. Saa nane mchana nilimuuliza saba mara nane, akanitazama kama niliyemuuliza njia ya kwenda Elwak. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mabati yanawaka, naye hajatia maji kinywani tangu daku. Hayo yote niliyajua. Sikuyahusisha na ubongo, kwa sababu kitabuni hayakuwamo.

Nikaamua kwamba asubuhi huwa ananakili. Nikamwandikia baba yake, dalali wa mifugo, kwamba binti ni mdanganyifu mwenye kichwa kizito. Nilijua pia kwamba mzee alishasema: akishindwa masomo, anarudi Griftu kuchunga mbuzi wa nyanya yake.

Mzee alikuja kesho yake asubuhi, barua mkononi, binti nyuma yake. Hakugomba. Aliomba nimuulize hesabu kumi palepale ofisini, ambapo hapakuwa na jirani wa kunakili kwake. Alizipata zote. Ya sita nilimsahihisha, akanionyesha kwa adabu nilipokosea mimi.

Basi nikageuka mtaalamu, nikaanza kumweleza mzee habari za joto, njaa na sukari ya damu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ngamia ikitoka mbali na kiu, hiyo siku sisi hatununui," alisema. "Inakunywa maji, inalala, asubuhi ndio tunaangalia. Hii barua, maalim, uliandika saa ngabi?"

Walimu wenzangu waliinua vichwa. Shule nzima ilijua kwamba mchana nilijifungia chumbani, pazia limeshushwa, nikala sima na nyama ya mbuzi wakati wao wamefunga, kisha nikarudi kazini nikipiga miayo.

"Saa nane na nusu," nikasema. Niliona aibu, na mpaka leo ninaiona.

Aliikunja barua, akanirudishia, akamwambia binti aende darasani. Kisha akaniomba kwa upole, siku nyingine nikitaka kuandika juu ya mtoto wa mtu, nilale kwanza.