Shoka Litupwe Mapema

Siku ya mafunzo ya radi na mvua ya mawe, tulioketi kanisani tulikuwa hawa: mimi, mke mwenzangu (tuliolewa na mume mmoja na tukamzika pamoja), mke wa kijana wetu, anayechuma majani ya chai, jirani aliyehamia huku kutoka Kisii akiwa kijana, sasa mzee kama sisi, na mwalimu, msichana aliyetumwa na kaunti. Wengine walikuwa wachumaji wa mteremko wetu. Majina yao ninayo yote kichwani, hata ya waliosinzia, lakini siyaandiki. Watu wa huku hupenda kutajwa wakiwa wamefanya vizuri tu.

Mwalimu hakuzungusha maneno. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, radi tayari inaweza kukufikia. Usijikinge chini ya mti. Usibaki katikati ya chai, maana hapo kichwa chako ndicho kirefu kuliko vyote. Ingia ndani, ufunge mlango, na baada ya ngurumo ya mwisho ukae nusu saa.

"Mimi sina saa," jirani akasema.

"Weka chai, mzee, ichemke, unywe vikombe viwili bila haraka."

"Vikombe vya nani? Vya huyu mama ni vidogo." Akaninyooshea kidole, kanisa lote likacheka.

Kisha mwalimu akasema kila mteremko uchague mtu wa kuangalia mawingu na kuwaonya wengine, kwa sababu mvua ikija simu hukosa netiweki. Mke mwenzangu akasimama.

"Niandikeni mimi. Radi ni ndugu yangu."

Hapo nieleze. Yeye alizaliwa katika ukoo unaohesabu radi kuwa mtu wao. Ikipiga, wao huchukua shoka, hulipaka majivu ya jikoni, hutoka na kulitupa uani wakisema, "Sis!" yaani nyamaza, hapa ni kwenu. Amefanya hivyo tangu alipokuja akiwa bibi arusi. Na kadiri mvua inavyokuwa kali, ndivyo anavyokwenda mbali zaidi uani, chuma mkononi. Mwaka jana radi iliua ng'ombe wetu langoni, karibu na pale alipozoea kusimama. Yeye akasema ng'ombe alikufa kwa sababu shoka lilichelewa. Mimi nikasema moyoni, huyu mama hatakufa uani nikiangalia.

"Kogo," mwalimu akamwambia kwa heshima, kama mtu anavyomwita nyanya yake, "ukitoka na chuma, huyo ndugu hatakutambua."

"Kwenu ni wapi?"

"Kakamega."

"Basi hamjatambulishwa." Akaandikwa yeye.

Nilipofika nyumbani nikaficha shoka chini ya kitanda changu. Mvua iliyofuata akachukua jembe! Nikamshika leso mlangoni mpaka ikararuka.

"Niache! Unataka nyumba iungue?"

"Mimi ndiye mkubwa. Zamu ya kufa ni yangu kwanza, hunipiti."

Akaketi, lakini akaniambia wazi kwamba siku nyingine atatoka.

Kesho yake, nikiishona ile leso, nikamwambia, "Kwani ndugu yako unangoja awe juu ya paa ndipo umpokee? Mgeni hupokewa akiwa bado mbali. Wingu jeusi likiinuka tu kule ng'ambo, tupa shoka ukiwa mlangoni, uite mteremko mzima usikie, kisha ingia."

"Nimwambie anyamaze kabla hajasema kitu?"

"Mume wetu hukumfanyia hivyo?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaenda nikamtolea shoka lake.

Haikupita wiki. Mchana, wingu likainuka nyuma ya kilima, tumbo jeusi, ukingo wa kijani kidogo, lile mwalimu alilotuonya kwamba huleta mawe. Mke mwenzangu akapaka majivu, akatupa shoka kutoka kizingitini na kupiga ukelele: "Sis!" Ni sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Jirani akaipokea kule kwake kwa matamshi yake mabovu, "Siisi! Siisi!" na wachumaji wakatoka kwenye chai, vikapu mgongoni. Mke wa kijana wetu alitaka kujaza chake kwanza. Mke mwenzangu tayari alikuwa ametoa mguu mmoja nje kumfuata. Nikamzuia kwa mkono, nikaita mimi mpaka koo likauma. Mtoto wa watu akaja mbio, nikafunga mlango. Ndipo ikanguruma.

Mawe yakapiga mabati, hatukusikizana. Kila radi ilipopasuka, mke mwenzangu alisimama.

"Hasikii!"

"Umeshamwambia. Kaa."

Akakaa. Mara ya mwisho alikaa bila kuambiwa. Ngurumo ilipokwisha akataka kwenda kuokota shoka lake, lililofunikwa na barafu pale uani. Nikaweka chai. Kikombe cha kwanza alikimeza kama dawa. Cha pili nikakijaza mpaka ukingoni, kikiwa cha moto sana, ili asiweze kuharakisha.

Majani ya chai yaliharibika yote mteremko mzima. Watu wote walikuwa ndani.

Nimeandika kwamba jirani ndiye aliyeitikia kwanza. Mke mwenzangu, ameketi hapa karibu nami, anasema ni mke wa mchungaji wa kanisa letu, na kwamba leso ilikuwa imeraruka zamani. Wewe uliyekuwepo, ukiona nimekosea, njoo unisahihishe. Lakini ukisikia "Sis!" ukiwa njiani, ingia nyumba iliyo karibu, tutabishana baadaye.