Mnavu Haukung'olewa

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilirudi kwetu Mlalo likizo, nikamkuta mama jikoni na ugali usio na mboga. Bwana shamba mpya alikuwa ametangaza kwamba mnavu wote, mboga yetu ya majani inayojiotea, ung'olewe, watu wapande kabichi. Watoto walikuwa wanasinzia darasani, naye alisema mnavu una sumu inayopumbaza akili.

Mimi nilikuwa mkemia, mwanamke pekee katika maabara yetu ya Dar es Salaam, na nilichotaka kuchunguza ni jinsi mimea tunayokula inavyogusa ubongo. Nikamfuata bwana shamba ofisini. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu alinizidi umri, kisha nikamuuliza mnavu aliupimia wapi.

"Hata vitabu vinasema una sumu, ndugu."

"Vinasema tunda bichi. Sisi tunachemsha majani."

"Wewe ni mtoto wa hapa. Lazima utetee mboga ya mama yako."

"Naitetea," nikasema. "Na nitaipima."

Niliporudi Dar es Salaam, mkuu wangu wa kazi alitaka nishughulikie chai, zao la fedha za kigeni. Akaniambia serikali haikunisomesha ili nichunguze magugu. Nikamjibu kwamba waliokula magugu hayo ndio walionisomesha. Akaninyima panya wa maabara. Nikafuga wa kwangu uani, nikawa nawapima jioni, nikishamaliza chai yake.

Panya waliolishwa matunda mabichi walilegea na kutetemeka miguu. Waliolishwa majani yaliyochemshwa waliendelea kukitafuta na kukipata chakula chao kama siku zote.

Nilirudi Mlalo nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Mama alikuja na chungu cha mnavu, nikala mbele ya watu wote huku nikieleza nilichokiona. Bwana shamba akauliza, "Basi watoto wanasinzia kwa nini?"

Nikawageukia watoto waliokaa mbele. "Nani amekula asubuhi?"

Mikono michache sana ilinyooshwa. Akina mama wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, kisha akasema shamba la kijiji litatoa mahindi ya uji wa shule.

Tangazo la kung'oa mnavu halikufutwa, ila hapakutokea mtu wa kulitekeleza. Mkuu wangu alinipa onyo kali la maandishi kwa kuchunguza magugu. Nililisaini, nikatoka, nikaenda kuwalisha panya wangu. Nimestaafu nikichunguza mboga za majani, na sijawahi kumwomba radhi.