Mto wa Sufi wa Ruthu

Mpaka leo nakasirika nikisikia mtu wa Dodoma akimwambia mgonjwa, "Ni vumbi tu hilo." Hapa kwetu vumbi limegeuzwa jalala la kila ugonjwa. Ruthu alikohoa miezi minne, macho yamemvimba, na kila aliyemsikia alimjibu neno hilohilo akaendelea na shughuli zake.

Ruthu ndiye anayetandika vitanda kwenye nyumba ya wageni ya Miyuji, ambako mimi, Joha wa Kondoa, napika. Ni Mgogo wa Mvumi, analea watoto wawili peke yake kwa kazi hiyohiyo. Akinyoosha shuka huoni kunyanzi. Miaka sita tuliyofanya kazi pamoja sijapata kumsikia akilalamika, kwa hiyo aliposema kifua kinambana, nilimwamini.

Mwenye nyumba, Mama Jordan, hakumwamini. Kabla ya vikao vya Bunge alikuwa ameleta mito mipya ya manyoya ya bata, akidai wageni wakubwa hawalalii sponji. Kila asubuhi Ruthu aliikung'uta yote, na kila asubuhi alimaliza kazi akihema. Siku ya mapumziko, akilalia mto wake wa sufi nyumbani, kifua kilifunguka. Ndipo akaanza kuwaza. Akafumua mshono wa mto mmoja, akachomoa unyoya, akaupitisha puani. Alipiga chafya mpaka nikamkimbizia maji. Akakumbuka kwamba hata utotoni, mama yake akinyonyoa kuku, yeye alikuwa akifukuzwa jikoni kwa sababu ya chafya hizohizo.

Akaenda kwa Mama Jordan kwa heshima zake zote.

"Shikamoo, mama. Manyoya ya ile mito yananidhuru. Naomba nishone ya sufi, hata kwa vyumba viwili kwanza."

"Marahaba." Mama Jordan hakuinua macho kwenye simu yake. "Hilo ni vumbi, Ruthu. Nyie mmezoea kulalia ngozi ya ng'ombe, mtajuaje mto mzuri? Kazi ikikushinda sema, wapo wanaoitaka."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nusura nilimwage. Eti nyie. Mama Jordan mwenyewe ni Mgogo, kazaliwa kijiji cha pili kutoka kwa kina Ruthu, ila hataki wageni wajue. Waliosema mkataa kwao ni mtumwa walikuwa wamemwona.

Ruthu akaenda sokoni kutafuta cha kujazia mto. Pamba aliikataa, maana ikilaliwa sana inashikana mabonge. Sponji aliikataa pia, joto la Oktoba linaifanya imchome shingo. Akanunua sufi, akaitoa mbegu moja moja, akaianika juani siku mbili na kuipiga kwa fimbo, kisha akaishona ndani ya kitambaa cha marekani kilichofumwa kwa kubana ili isivuje. Mto huo akauweka stoo, akiulalia mchana anapopumzika.

Mwezi uliofuata akaja mama yake Mama Jordan, Bibi Dorkasi, kutibiwa macho. Alipewa chumba bora na mito miwili ya bata. Siku ya tatu alikuwa anakohoa vilevile alivyokohoa Ruthu. Mama Jordan akaamuru madirisha yafungwe, vumbi lisiingie. Akamfungia mama yake ndani na manyoya.

Ningekuwa Ruthu, ningenyamaza bosi aonje. Yeye alifungua madirisha, akatoa mito ya bata, akamwekea bibi mto wake mwenyewe. Baada ya siku mbili bibi alikuwa mezani akila ugali na mlenda, sauti imerudi.

"Nani kanibadilishia mto?" akauliza.

Mimi ndiye niliyemweleza, mbele ya binti yake, na lile neno la ngozi sikuliacha. Najua kupika kwa watu kunataka mdomo mfupi. Siku ile ulinishinda.

Bibi akanawa mikono taratibu. "Jenifa," akamwambia binti yake, "wewe nilikuzalia juu ya ngozi ya ng'ombe. Umelala juu yake mpaka umeanza shule. Uliwahi kukohoa?"

Mama Jordan akatazama simu, na simu ilikuwa imezimwa.

Jioni ile mito ya bata iliondolewa vyumba vyote, na Ruthu akaletewa gunia la sufi. Sasa anapumua vizuri, na Mama Jordan anawaambia wageni kwamba yeye tangu zamani ni mpenzi wa vitu vya asili. Neno samahani hajalitamka mpaka leo. Ruthu anasema pumzi yake inamtosha.

Mimi hainitoshi.