Bonde Lililokosa Amina

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami karani kijana wa baraza la wenyeji huku Kisarawe, kaptula imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, najiona bwana mkubwa.

Liwali, mkuu wa baraza, aliyetoka mbali na asiyejua desturi zetu, alitupeleka sisi watu wake kijijini nilikozaliwa, upande wa Mzenga. Akatangaza kwamba bonde la mpunga linatakiwa liwe shamba la pamba la baraza, akauliza nani anapinga. Kimya. Akaomba dua ya kufunga mkutano. Hakuna aliyeitikia amina. Watu wakakung'uta mikeka yao, wakaondoka.

Kwetu mkubwa habishiwi hadharani. Lakini dua yake ikiachwa bila amina, amekataliwa, na hata mtoto anajua. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Liwali akaniuliza kama wamekubali. Nikatazama viatu vyangu vipya, nikaandika: wote wameridhia.

Mvua zilipokaribia, shangazi yangu Mwanaidi, aliyenilea kwa mpunga wa bonde lile lile, akakuta jaruba lake limepigwa vigingi. Nikaenda kwake na visingizio vyangu. Nikamwamkia, akaendelea kupepeta. Nikarudia. Kimya. Mwishowe akaweka ungo chini.

"Shikamoo yako sijaiitikia," akasema. "Haya, kaandike kwamba nimeitikia."

Nilikimbia kumwomba liwali karatasi ibadilishwe. Akacheka, akasema imekwisha kwenda bomani. Maji yakimwagika hayazoleki. Bonde likapandwa pamba, na shangazi akafa akila muhogo wa kuombaomba, yeye aliyekuwa akigawia wenzake mchele. Baraza la wenyeji, walijiita! Mwenyeji mwenyewe hawakumsikiliza. Na mwenyeji niliyekuwa mle ndani, mwanangu, ndimi niliyewauza wenzangu. Watu humlaumu liwali mpaka leo, lakini mkono ulioandika ni huu unaouona.

Basi ukipewa kalamu kwenye kikao cha watu, andika na kimya chao. Mkubwa akikuuliza jambo unalolijua, mwambie, hata akikunja uso. Uso wake utakunjuka, bonde halirudi. Mungu aufanye mkono wako mzito kwenye uongo, na kila mzee utakayemwamkia akuitikie marahaba kwa moyo mweupe. Mimi marahaba ya shangazi sikuipata.